Juzi mbono, leo nyonyo: ndege zinaruka kwa jasho la shamba gani?

Ukikata leo tiketi ya Lufthansa ya kutoka Frankfurt kwenda Nairobi, ndani ya bei kuna ada ya mazingira. Kundi la mashirika ya Lufthansa lilianza kuitoza kwa safari za kuanzia Januari 2025, nayo ilipoanza ilikuwa yuro 1 hadi yuro 72, kutegemea umbali na daraja. Air France na KLM walitangulia tangu Januari 2022. Wenzetu wanaoishi Ulaya wanailipa kila wanaporudi nyumbani, wengi bila kuiona, maana imejificha kwenye mlolongo wa kodi na tozo za viwanja. Sehemu ya fedha hizo hununua mafuta ya ndege yasiyotoka kisimani. Wenyewe huyaita SAF, yaani mafuta endelevu ya anga. Soko hilo hilo limeshafika Makueni, Kenya, kwa wakulima walioambiwa wapande nyonyo, zao la mbegu za mafuta.

Kati ya kaunta ya Frankfurt na shamba la Makueni kuna watu wengi, na kila mmoja ana mkono. Nataka tuwahesabu. Lakini kwanza tuingie kiwandani, kwa sababu asiyejua mafuta haya yanavyopikwa hawezi kujua ni nani mwenye sauti katika bei.

Mafuta ya ndege, kwa asili, ni mafuta ya taa. Yule bibi aliyewasha koroboi na rubani wa Boeing wanatumia ndugu wa tumbo moja, ila huyu wa pili amesafishwa kwa masharti makali. Mafuta ya kawaida ya Jet A-1, kwa mfano, hayaruhusiwi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri. Sasa chukua mafuta ya kula, yoyote yale. Kila chembe yake ni minyororo mitatu mirefu ya kaboni iliyofungwa kwenye kichwa kimoja cha gliserini, na ndani yake kuna oksijeni. Mafuta ya taa hayana oksijeni, na minyororo yake ni mifupi zaidi. Kazi ya kiwanda ni kuvunja kile kichwa, kuitoa oksijeni, kisha kuikata minyororo na kuitia matawi.

Huanza na kuyachuja: uchafu, gundi, fosforasi na mabaki ya madini hutolewa, kwa kuwa huua kichocheo, yaani kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia mtungini. Kisha mafuta huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma wenye joto la zaidi ya nyuzi 300, na hidrojeni husukumwa humo kwa presha kubwa. Oksijeni hutoka, nyingine ikiwa maji, nyingine ikiwa imeshikana na kaboni. Gliserini hugeuka propani, ile ile iliyomo kwenye mtungi wa gesi jikoni. Kinachobaki ni dizeli kwa karibu kila kipimo, ila minyororo yake imenyooka, na ikipozwa inaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Ndiyo maana kuna duru ya pili ya kuikata na kuitia matawi ili isilaliane. Mwisho kabisa mnara hutenganisha kilichopatikana: gesi, nafta, mafuta ya ndege na dizeli.

Njia hiyo ndiyo inayotoa sehemu kubwa mno ya SAF yote inayouzwa duniani. Haina uchawi. Ni ufundi wa viwanda vya kusafisha mafuta ulioelekezwa kwenye malighafi nyingine, ndiyo sababu wanaoufanya ni wale wale waliokuwa na mitungi, mabomba na matangi tangu zamani.

Yakishatengenezwa, mafuta haya huchanganywa na ya kisimani, na kanuni za kimataifa zinaruhusu mchanganyiko usiozidi nusu. Ajabu ni kwamba kasoro yake ni usafi: hayana aina fulani ya kemikali zinazofanya mipira ya kuzibia kwenye mfumo wa mafuta ivimbe na kukaza, na injini za zamani zimeizoea hali hiyo. Novemba 2023 Virgin Atlantic ilirusha ndege kutoka London hadi New York bila tone la mafuta ya kisimani. Ilibidi ipewe kibali maalumu, na asilimia 12 ya mafuta yake yakawa ya aina nyingine iliyotengenezwa kuziba pengo hilo hilo.

Kwenye bomba la nyuma la ndege hakuna kilichobadilika. Lita ya SAF ikiungua hutoa hewa ukaa karibu sawa na lita ya mafuta ya kawaida. Nafuu yote huhesabiwa upande wa pili: mmea uliinyonya kaboni hiyo hewani jana, basi leo inarudi ilikotoka. Hidrojeni inayotumika kiwandani, ambayo kwa sehemu kubwa bado hutokana na gesi asilia, huingia kwenye hesabu. Mbolea huingia. Meli huingia. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika hupata alama nzuri sana, upungufu wa hadi asilimia 80, kwa sababu yanahesabiwa kuwa takataka isiyo na historia. Zao lililolimwa lina historia ndefu. Kwa hiyo neno "endelevu" halimo ndani ya tone. Limo kwenye cheti kinachosafiri na tone, na cheti kina mwenyewe.

Nani anayatengeneza, basi? Wachache kuliko tangazo la shirika lolote la ndege linavyokufanya uamini. Shirikisho la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, lilikadiria kuwa mwaka 2024 dunia nzima ilitoa tani milioni 1 tu, asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Mkubwa wao ni Neste ya Finland, yenye viwanda Porvoo, Rotterdam na Singapore. Singapore peke yake ilipanuliwa mwaka 2023 ikawa na uwezo wa kutoa hadi tani milioni 1 kwa mwaka. Marekani kuna Diamond Green Diesel huko Port Arthur, Texas, na hii inanifurahisha kwa ndoa yake: upande mmoja ni Valero, msafishaji wa mafuta ghafi, na upande wa pili ni Darling Ingredients, kampuni ambayo kazi yake ni kukusanya shahamu, mifupa na masalia ya machinjio. Italia kuna Enilive, tawi la kampuni ya mafuta ya Eni, ambayo Januari 2025 ilianza kutoa SAF katika kiwanda cha Gela, Sicily, kwa uwezo wa tani 400,000 kwa mwaka. Gela kilikuwa kiwanda cha kawaida cha mafuta ghafi kikageuzwa mwaka 2019. Teknolojia yake Eni iliiunda pamoja na Honeywell UOP, na Diamond Green Diesel hutumia hiyo hiyo. Mwenye hataza huvuna bila kulima, huyu akilipa na yule akilipa.

Mitambo ipo, basi, na inaweza kujengwa zaidi. Kilicho adimu ni mafuta ya kutia ndani ya mitambo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wa mafuta viwanjani wachanganye asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030, 20 ifikapo 2035, na 70 ifikapo 2050. Uingereza nayo ilianza na 2 mwaka 2025, ikilenga 10 mwaka 2030. Kenya Airways, RwandAir na Ethiopian wakijaza mafuta Ulaya wanajaza mchanganyiko huo huo na kulipia SAF iliyomo, ambayo bei yake ni mara mbili hadi mara tano ya mafuta ya kawaida. Kukwepa kwa kujaza Nairobi au Addis mafuta ya kwenda na kurudi si rahisi, maana sheria inataka shirika lijaze katika kila kiwanja cha Ulaya angalau asilimia 90 ya mafuta linayohitaji kwa mwaka kwa safari zinazoanzia pale.

Mafuta machakavu ya kukaangia yalikuwa jibu la kwanza. China imekuwa muuzaji mkubwa, hadi serikali yake ikaondoa nafuu ya kodi ya mauzo ya nje ya asilimia 13 kuanzia Desemba 2024, jambo linalomsaidia mtengenezaji wa ndani. Bei ilivyopanda, mafuta yaliyotumika yakaanza kuuzwa ghali kuliko mapya, na hapo kila mwenye akili anaona shimo lilipo: unachukua mawese mabichi, unayaita makuukuu, unapata faida. Mwaka 2024 Wakala wa Mazingira wa Marekani ulithibitisha kwamba unakagua minyororo ya ugavi kwa shaka za aina hiyo. Nilipomweleza rafiki yangu mwenye kibanda cha chipsi kwamba Wazungu wananunua mafuta yaliyochoka, alicheka. Kwake mafuta yakichoka kwenye chipsi yanahamia kwenye mihogo, yakichoka kwenye mihogo yanahamia kwenye samaki, na baada ya samaki hakuna cha kumuuzia Mzungu.

Njia nyingine zipo na nitazipitia haraka, kwa kuwa bado zina ahadi nyingi kuliko lita. Unaweza kuchoma taka au magogo yakawa gesi, kisha ukaiunganisha gesi hiyo kuwa mafuta kwa mbinu ya Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, ya miaka ya 1920. Kampuni ya Fulcrum ilijenga kiwanda Nevada, Marekani, kwa taka za mjini na ikafilisika Septemba 2024. Unaweza kugeuza pombe ya ethanoli, kama kampuni ya LanzaJet ilivyojenga kiwanda Soperton, jimbo la Georgia, huko huko Marekani. Unaweza pia kuchukua umeme, maji na hewa ukaa ukatengeneza mafuta bila mmea wowote. Hapo Kenya ina cha kusema, yenye mvuke wa Olkaria na gridi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake si wa kuchoma mafuta wala makaa. Ulaya imeshatenga sehemu ya lazima kwa mafuta hayo ya umeme, asilimia 1.2 kwa kuanzia mwaka 2030. Na wanaodhani Afrika ni mgeni katika fani hii wasisahau Sasol ya Afrika Kusini: mafuta yake ya kuunda kwa mbinu ya Fischer na Tropsch yaliidhinishwa kutumika nusu kwa nusu mwaka 1999, na ndege zikayajaza Johannesburg. Yalitokana na makaa ya mawe, kwa hiyo endelevu hayakuwa. Ufundi ulikuwepo.

Turudi kwenye nyonyo. Majina yake yana vurugu: kuna wanaouita mmea huu mbarika, na kuna wanaouchanganya na mbono. Ninasema ule wenye mbegu za madoadoa kama kupe aliyeshiba, ambao mafuta yake tulinyweshwa utotoni tumbo likifunga. Mwaka 2021 Eni ilitia saini makubaliano na serikali ya Kenya. Julai 2022 kituo cha kukamua mafuta kikafunguliwa Makueni, kikiwa na uwezo wa tani 15,000 kwa mwaka, kwa mbegu za nyonyo, mukinduri na pamba. Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ikafika Gela. Mei 2023 Kenya Airways ikaruka Nairobi hadi Amsterdam na mchanganyiko wenye mafuta ya Eni, picha zikapigwa. Mwaka 2024 shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC, likaidhinisha dola milioni 135, na mfuko wa tabianchi wa Italia dola milioni 75, kupanua mradi.

Nimejaribu hesabu ya haraka, kwa ukarimu wote. Boeing 787 ya Nairobi hadi Amsterdam hutumia kama tani 45 za mafuta. Tuseme tani moja ya mafuta ya mbegu itoe kilo 800 za mafuta ya ndege, ingawa kwa kweli sehemu nzuri huishia kuwa dizeli, nafta na gesi. Tunahitaji tani 56 za mafuta ya nyonyo. Mbegu hutoa chini kidogo ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo tani 125 za mbegu. Mkulima mdogo wa nchi kavu akipata nusu tani kwa hekta, hizo ni hekta 250, zaidi ya ekari 600. Safari moja. Kwenda tu. Kesho yake ndege inataka nyingine.

Wenye mradi watajibu kwamba nyonyo inalimwa kwenye ardhi iliyochoka na haigombani na chakula. Jibu hilo lina uzito wa kisheria: Ulaya haihesabu SAF itokanayo na mazao ya chakula, ila inakubali, kwa masharti, mazao yaliyolimwa kwenye ardhi iliyoharibika vibaya au yaliyopandwa kati ya msimu na msimu. Lakini nenda Ukambani, iliko Makueni, uulize ni ipi ardhi isiyo na kazi. Palipolala bila mazao ndipo mbuzi wanapolisha, ndipo kuni zinapookotwa. Aliyeweka alama ya "iliyoharibika" kwenye ramani hakuwaona mbuzi.

Mwaka 2024 shirika la Ulaya la Transport & Environment lilitoa ripoti juu ya miradi ya Eni barani Afrika, na kwa upande wa Kenya likaeleza wakulima waliolalamikia mavuno haba na bei ndogo. Haikunishangaza. Mmea unaovumilia ukame ni mmea usiokufa, na kutokufa si kuzaa. Mwenye kutaka gunia zito lazima aupe maji na samadi kama anavyoyapa mahindi.

Tuliambiwa hayo hayo kuhusu mbono, mmea mwingine wa mbegu za mafuta. Mbono kaburi, wazee walivyouita, kwa kuwa ulipandwa kuzungushia makaburi na mazizi. Mbuzi hauli, moto hauukamati upesi. Katikati ya miaka ya 2000 ghafla ukawa dhahabu ya kijani. Desemba 30, 2008, Air New Zealand ilirusha Boeing 747 huko Auckland, injini moja ikitumia nusu kwa nusu mafuta ya mbono, na mbegu zake zilitoka Malawi, Msumbiji, Tanzania na India. Yaani mbegu za kwetu zilikuwa angani zaidi ya miaka 14 kabla ya ile safari ya Amsterdam. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizozungukwa na vijiji 11. Kilwa ikaja Bioshape ya Uholanzi na eneo kubwa zaidi. Bioshape ilifilisika. Sun Biofuels ikaanguka mwaka 2011, wafanyakazi wakabaki bila kazi na wanavijiji bila ardhi waliyoitoa kwa ahadi. Kenya, utafiti uliofadhiliwa na Ujerumani na kutolewa mwishoni mwa 2009 ulishauri wazi kwamba mkulima mdogo asihimizwe kupanda mbono shambani. Abaki nao kama ua. Walichogundua wataalamu kwa gharama kubwa ni kile bibi alichokuwa akifanya makaburini.

Nitakiri kwamba mradi wa nyonyo una tofauti. Ardhi haijachukuliwa, mkulima anabaki na shamba lake, na kukamua kunafanyika Makueni badala ya kusafirisha mbegu nzima. Ni hatua. Hatari imehamia kwingine, kwenye mfuko wa mkulima: mvua ikigoma, ni yeye aliyepoteza msimu.

Na nyonyo ina siri ambayo mbono haikuwa nayo. Mafuta yake yana soko la tangu zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ndege zililainishwa injini kwa mafuta ya nyonyo, marubani wakiuvuta moshi wake na matumbo yakiwaendesha huko huko angani. Jina Castrol limetoka humo. Leo yanaingia kwenye vilainishi, nailoni, rangi na vipodozi, na India, hasa jimbo la Gujarat, ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya dunia. Kwa kawaida tani ya mafuta ya nyonyo huuzwa ghali kuliko tani ya mafuta ya ndege ya kisimani. Kuyachoma kwenye injini kuna maana tu pale sheria ya Ulaya inapoyaongezea thamani kwa cheti. Kwa hiyo mkulima wa Makueni anauza bidhaa mbili kwenye gunia moja: mafuta, na haki ya kuyaita endelevu. Ya kwanza analipwa kwa kilo. Ya pili haimo kwenye risiti yake.

Hapo ndipo ningependa wizara zetu, Nairobi na Dodoma, zikazanie kabla ya kukata utepe mwingine. Bei ya mbegu ifungwe kwa fomula inayotazama bei ya mafuta ya nyonyo duniani na bei ya SAF Rotterdam, ichapishwe kila mwezi, na mkulima awe huru kumuuzia mnunuzi wa vipodozi akimpa zaidi. Mgawo wa thamani ya cheti uandikwe kwenye mkataba kwa shilingi. Mashudu ya nyonyo nayo yana sumu na hayalishwi ng'ombe hivi hivi kama ya alizeti; yafaa mbolea, basi yarudi kwa aliyeleta mbegu, maana rutuba iliyotoka shambani kwake imo humo. Sioni kwa nini mfadhili aliyetoa dola milioni 135 ashindwe kuweka masharti hayo matatu kwenye karatasi.

Siyapingi mafuta haya. Hakuna betri itakayobeba abiria 230 kutoka Nairobi hadi Amsterdam katika muda wa maisha yangu, na joto linaloyumbisha mvua za Ukambani halijali ni nani aliyelianzisha. Lakini mkulima wa Makueni ana zao jingine analolijua, ndengu, ambalo hupandwa kwa mvua zile zile. Mnunuzi wa ndengu asipokuja, ndengu inaingia chunguni. Anayemtaka mkulima huyo aache mistari michache ya ndengu apande nyonyo inabidi amwambie, kabla ya kupanda, atamlipa kiasi gani, lini, na lori lisipofika ni nani atakayelipia msimu.